Mchikichi Wetu wa Mkolani

Mjukuu wangu Masanja, mume wangu wa kwanza,

Hapa Mkolani sote wazima, na mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini nimekuacha nikaolewa na Mzee Rweyemamu uzeeni. Wivu huo, mume wangu!

Unaukumbuka mchikichi tulioupanda kabla hujaenda chuo Dodoma? Nilipouhamishia karibu na geti, majani yote yalikauka. Nikachukua panga niukate. Huyo mzee, wakati huo jirani tu, akaita kutoka kwake, "Mama, ngoja! Vuta kidogo lile jani la katikati, lililojikunja. Likichomoka, kata."

Nikavuta. Likagoma.

"Basi uko hai," akasema.

Tangu hapo akawa anakuja kila jioni kuutazama, nami nikajiuliza, mti mmoja una nini cha kutazamwa hivyo? Asubuhi ambayo jani lile lilifunguka, kijani kibichi, nilimwita. Alikuja amevaa shati la kanisani, wala haikuwa Jumapili, na mti hakuutazama. Ee, mjukuu wangu, moyo ulinidunda kama wa msichana!

Njoo Krismasi umwone mwenzio. Mchikichi bado ni wetu, mimi na wewe. Yeye anaumwagilia tu.

Bibi yako, bibi harusi.