Mita Yangu Haitoki Mezani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta kwenye cherehani yako, na mgongo umekupa nafuu kidogo. Ile pedali bado inalia? Mwambie kaka aitie mafuta, asingoje mpaka nirudi mimi, maana naye ana mikono miwili. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo una hasira, ila ni hasira ya kazi, si ya kulia, kwa hiyo usianze kukosa usingizi.

Najua mjomba amenitangulia, kwa kuwa ofisi ya chuo ilimpigia simu yeye. Na mjomba hana jambo dogo. Nasikia amekuambia kwamba nimechoma maabara na chuo kinanifukuza. Maabara ipo, mama, haijaungua hata pazia. Kilichoungua ni transista moja, kitu kisichozidi ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ila hilo la pili lina ukweli ndani yake: wanataka nihame idara ya elektroniki niende takwimu, na mimi nimekataa. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Somo letu lina pande mbili. Dijitali ni ndiyo au hapana: umeme upo au haupo, na kwa hayo mawili tu tunajenga vifaa vinavyohesabu na kukumbuka. Analogia ni kiasi gani: sauti inaingia ndogo, inatoka kubwa, na ukikosea kidogo inakoroma kama mjomba akishiba. Mimi napenda analogia kwa sababu hakuna kubahatisha, kila kitu lazima ukipime.

Na kupima ndiko kulikoniponza. Saketi zetu, zile njia za umeme, hujengwa kwa rezista, vijiti vidogo kama punje ya mchele vinavyopunguza umeme. Thamani ya kila moja imechorwa mwilini mwake kwa mistari ya rangi. Wenzangu huitazama mistari, hutaja namba, huchomeka. Mimi huigusa kila moja kwa waya za mita, kile kifaa cha kupimia umeme, naisoma, ndipo naichomeka. Miaka miwili nimefanya hivyo, wakaniita Mpima. Mhadhiri wetu wa maabara, ambaye tunamwita Bwana Dakika kwa kuwa huitazama saa yake zaidi kuliko anavyotutazama sisi, alisema mimi ni kama mtu anayeonja kila tone la maji kabla ya kunywa. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kupima.

Wiki iliyopita alitupa jaribio la kujenga amplifaya, saketi ya kukuza sauti, akapiga marufuku mita mpaka saketi ikamilike. Alisema kila mtu atumie macho aliyopewa na Mungu. Mwenzangu wa meza, Kasuku, ambaye huninong'oneza nikikwama, siku hiyo alikuwa amehamishiwa meza ya mlangoni. Nikachagua kwa macho. Mahali pa rezista ya elfu moja nikaweka ya mia moja. Nilipowasha, transista ikapata moto, ikatoa harufu, ikafa. Bwana Dakika akaniita mzembe mbele ya watu arobaini.

Kesho yake nikaitwa kwa mkuu wa idara, mwanamke mtu mzima, mpole, anayeongea polepole. Bwana Dakika naye alikuwepo. Mkuu aliniuliza imekuwaje mwanafunzi mwenye alama nzuri ashindwe kazi ya mwaka wa kwanza. Hapo ndipo nikasema jambo ambalo nilikuwa nimemwambia Kasuku peke yake, na ambalo wewe ulistahili kulisikia kabla ya wote. Kwa hilo unisamehe.

Mama, mimi sizioni rangi kama mnavyoziona. Nyekundu, kahawia na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja, siwezi kuapa huyu ni yupi. Nilipokuwa na miaka tisa ulinituma uzi mwekundu nikakuletea wa kahawia, mara tatu, na mara ya tatu ukanichapa kwa futikamba yako na kusema akili yangu iko kwenye mpira. Nikakubali. Kuwa mzembe kulikuwa rahisi kuliko kuwa na kasoro. Na nilipojaza fomu ya kuingia chuo, penye swali la macho na rangi niliandika kwamba sina tatizo. Huo ulikuwa uongo, na hakuna aliyenituma kuuandika.

Daktari wa chuo ameniambia ni jambo la kuzaliwa nalo, na mara nyingi mtoto wa kiume hulipata kwa mama ambaye mwenyewe anaona vizuri. Usiende kulia chumbani. Mkumbuke baba yako, aliyepaka mlango nusu kijani nusu kahawia, akagombana na mtaa mzima kwamba ni rangi moja. Tulimcheka bure mzee wa watu.

Mkuu alinionea huruma, na hiyo ilinichoma kuliko kuitwa mzembe. Kwa uongo wa fomu alinipa onyo la maandishi, nikalipokea, nilistahili. Kisha akanisukumia fomu ya kuhama. Alisema umeme hausamehe, iko siku nitachomeka waya mahali sipo nimuue mtu. Nikaomba waniletee droo moja ya rezista kutoka maabara, zile zilizopangwa na wenye macho mazima. Nikapima mia moja mbele yao, moja baada ya moja, Bwana Dakika akitazama saa. Saba zilikuwa kwenye kichumba kisicho chao.

Nikamwambia mkuu, "Hizi zilipangwa na watu wanaoona. Anayeyaamini macho yake hapimi. Mimi siwezi kuyaamini yangu, kwa hiyo napima, na saketi niliyoipima haijawahi kuungua."

Akazihesabu zile saba kwa kidole. Mwishowe akasema Jumatatu ijayo nifanye mtihani wa vitendo na mita yangu mezani, kwa muda ule ule wa wenzangu. Nikifaulu nabaki. Ila alitaka fomu ya kuhama niisaini kabisa na kuirudisha kabla ya mtihani, ikae kwenye faili ikingoja nianguke. Bwana Dakika akaongeza kwamba hatanizidishia hata dakika moja. Nikamwambia sijaiomba.

Tafadhali, mzuie mjomba asije kuniombea. Akija ataomba msamaha hata kwa makosa ambayo sijayafanya bado. Nisalimie kaka na shemeji, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Wanaoniulizia kwa umbea nao wasalimie, wasije wakakosa la kusema.

Utaniuliza fomu yenyewe iko wapi. Zigeuze kurasa hizi mbili ulizoshika, mama. Sikuwa na karatasi nyingine chumbani, wala sikuitafuta. Nimeileta kwako ili isipate njia ya kurudi ofisini kwao. Pale chini, penye mstari wa sahihi, utakuta peupe. Sahihi yangu iko upande huu.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako