Neno Moja Alilobaki Nalo Baba

Kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi, wewe na wifi na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima. Sisi hatujambo, ila Baba, na hali yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Tangu kiharusi kimwangushe, maneno yote yamemtoka, limebaki moja tu: zogo. Unajua alivyokuwa akilitumia. Kwake, nyundo za karakana yetu ya bati hapo nje hazikuwa zogo, zilikuwa kazi. Zogo ni letu sisi watoto, au la wateja watatu wanaogombea karai moja. Alikuwa akichungulia dirishani na kufoka, “Zogo la nini hapo?” nasi tunatawanyika kama vifaranga. Sasa akitaka maji ni zogo, akitaka kugeuzwa ni zogo. Muuguzi alimuuliza jina lake, akajibu hivyo hivyo. Tulicheka, kisha Mama akatoka nje kulia.

Ulipoandika kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, na kwamba karakana iuzwe ili umchukue Baba kwako, nilikusikiliza. Nikawaambia mafundi wapumzike. Watoto wakawa wananong’ona. Nyumba ikatulia kama maji mtungini, na Baba akaanza kukataa chakula. Akawa anauelekeza mkono wake mzima dirishani, anasema zogo, zogo, machozi yakimtoka. Nikadhani wapita njia wanamkera. Nikaenda kufunga na dirisha.

Mama ndiye aliyenizuia. Akaniambia, “Mwanangu, halikatazi zogo. Analiomba.”

Kesho yake nikawaita mafundi. Bati la kwanza lilipogongwa Baba alifumba macho, nami nikadhani nimemuumiza. Kisha vidole vyake vikaanza kucheza juu ya shuka, vikifuata nyundo. Mchana huo alikula, akamaliza bakuli.

Sasa, Kaka, niseme bila kumung’unya maneno. Yule mnunuzi uliyemtuma nimemrudisha. Karakana haiuzwi, na Baba haji kwako. Anayeshika koleo sasa ni mimi. Viganja vimejaa malengelenge, na ndoo yangu ya kwanza inavuja kama chujio. Ukikasirika, nikasirikie mimi, Mama umwache.

Mama anakusalimu sana. Baba naye anajua nakuandikia. Nilipokutaja alilitamka neno lake polepole, macho yake mlangoni. Nikamuuliza Mama anataka nini. Akasema hataki kitu, anakuita wewe.

Nakuombea afya na safari njema, ukiamua kuja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba