Mihogo Iliyobaki Ndani ya Maji

Jumanne. Joto la kukera. Mawingu yamelala juu ya Kolwezi tangu asubuhi na mvua ya kwanza bado inajivuta.

Nimeoga, nikaoga tena, na harufu haijanitoka.

Leo nilifunga kibanda changu cha kushona hapa Manika nikamsindikiza mama kwenye ukuta. Ni ukuta wa mgodi. Wiki iliyopita ulifunga njia ya mashambani, na mihogo ya akina mama ikabaki upande wa pili, ndani ya mashimo ya maji kando ya kijito. Walikuwa wameiloweka kama kawaida, uchungu utoke, ndipo waianike na kuitwanga unga wa bukari, ugali wetu. Waliambiwa mlango utaachwa wazi, wakaamini.

Walikuja na vinu. Hakuna jiwe, hakuna tusi. Walisimama mbele ya geti wakaanza kutwanga vinu vitupu.

Kwetu huo ni mwiko. Tulipokuwa wadogo mama alitupokonya mchi, akisema anayetwanga kinu kitupu anaiita njaa. Leo yeye ndiye aliyeanza.

Niliogopa, nakiri.

Mlinzi wa geti ni jirani yetu, tunaimba naye kwaya moja. Alikuwa akitazama viatu vyake tu. Mama akamwomba kwa upole wafunguliwe, waitoe mihogo na kurudi: "Tata, mihogo yetu iko mu mayi. Utuache tuitoshe, tutarudia."

"Mama, mi niko natumika tu. Bifungulo iko na bakubwa." Funguo hana yeye, wanazo wakubwa wake.

Kisha upepo ukageuka. Harufu ikaruka ukuta, harufu ya mihogo iliyopitiliza siku zake. Michi ikanyamaza mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyelia. Kila mama alijua kwamba na yake imo.

Nilisogea pembeni nipate hewa, nikaona ufa kati ya mabamba ya zege. Nikachungulia.

Shamba la mama halipo. Ni udongo mwekundu mtupu, umesawazishwa hadi karibu na kijito, na alama za magurudumu ya mashine.

Tulirudi kwa taksi-moto, sote juu ya pikipiki moja, kinu kikiwa katikati yetu kama abiria wa tatu, dereva akinung'unika njia nzima. Siku nyingine tungecheka.

Jioni nikamkuta mama anakipangusa kinu, anakiandaa kwa kesho. Nikamwambia apumzike, mihogo imeshaoza.

"Ioze," akasema. "Miti yake ingali inasimama. Mvula ikinyesha, tutakata, tutapanda."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale nilichokiona kupitia ufa. Nikaenda kukoroga bukari, ya unga wa kununua sokoni. Alikula kidogo, hakuulizia ladha.

Naandika haya na mlio wa vinu vitupu haujaniondoka masikioni. Sasa matone yameanza kugonga bati. Mama anaita kutoka chumbani, na sauti yake ina furaha ambayo sijaisikia tangu ukuta ujengwe.

"Ni mvula?"

Nimjibu nini?