Mluzi wa Tatu

Marsabit, 3 Mei 2025

Hooyo mpendwa,

Asalaam aleykum. Mimi mzima. Goti lako je? Naandika kwa Kiswahili usije ukasahau herufi nilizokufundisha, na usimpe jirani Mulki akusomee!

Jana nilipeleka wanafunzi kwenye ziwa la juu mlimani. Hooyo, ni pazuri. Maji yametulia ndani ya shimo kubwa, msitu pande zote, na ukungu unashuka hadi majini. Nikamkumbuka Aabo, alivyoleta ngamia huku kutoka Hadado mwaka ule wa ukame, tusimwone tena. Nilishindwa kujizuia, nikapiga mluzi wake wa kunywesha ngamia, miwili mirefu. Mwangwi ukarudisha miwili mirefu, kisha mmoja mfupi. Ule mfupi sikuupiga mimi.

Bintiyo, Safiyo

Iftin, Garissa, 16 Mei

Safiyo mwanangu,

Waaleykum salaam. Goti ni lile lile. Mbuzi wamezaa, alhamdulillahi. Barua nimesoma mwenyewe, mara tatu.

Ule mfupi babako alimpigia ngamia wake wa mbele tu. Miaka mitatu watu wananiambia nikae eda, yaishe. Eda ya nani? Nani ameona kaburi? Kila jioni namimina kikombe chake cha chai, kisha nakimwaga. Nimechoka, mwanangu. Rudi ziwani ukaulize kama yu hai. Lakini mluzi usipige tena.

Hooyo

Marsabit, 5 Juni

Hooyo,

Salamu nyingi, na umeze dawa. Nimeuliza.

Askari wa msitu anasema mwaka ule ziwa lilikauka, likabaki tope, ngamia wakanasa. Asubuhi moja alikuta nyayo za mtu zinaingia kwenye tope, hazitoki. Ukingoni aliokota koor, kengele ya mti ya ngamia, akaitundika kwenye tawi ili mwenyewe akija aione. Ina ule ufa ulioushonea ngozi. Nilipokuwa naifungua, mluzi ulilia nyuma yangu. Sikugeuka.

Nimekutumia kengele kwa basi. Kaa eda, Hooyo. Nisamehe.

Safiyo

Iftin, 20 Juni

Safiyo,

Salaam aleykum. Natumaini u mzima. Kengele imefika, na mshono ni wangu. Nimevaa nyeupe ya eda, leo siku ya tisa. Wanawake wa hapa na wa mtaa wa Waberi walikuja tukalia pamoja, na usiku ule nililala vizuri. Kengele niliitundika mlangoni.

Jana alasiri ililia bila upepo. Nje mtu akapiga mluzi, miwili mirefu na mmoja mfupi. Mbuzi wote wakasimama. Mulki alikuwepo, akasikia, akaanza kusoma Yasini. Mimi nikasema kupitia mlango: niko kwenye eda, simfungulii mwanamume. Mluzi ukakoma.

Leo Mulki amechungulia dirishani. Mvua hatujaiona tangu Aprili, lakini uani kuna nyayo za tope jeusi. Zinakuja mlangoni, hazirudi.

Kama yu hai, nimemfungia mume wangu nje. Kama amekufa, ni nani huyu? Wewe ndiye uliyeniambia nikae eda, basi niambie, nifungue? Najua barua itachukua siku tatu kukufikia.

Mulki ameenda kwake kwa mlango wa nyuma. Chai iko tayari, nimemimina vikombe viwili.

Hooyo