Miwani Ilifika Saa Tano na Dakika Ishirini

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Ijumaa, saa 2:35 asubuhi.
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichoacha kaunta.
Umri: miaka 47. Kazi: mtunza stoo wa hospitali. Makazi: nyumba za watumishi, nyuma ya jengo la kufulia.

Mimi ni dada wa fundi umeme ambaye wenzake humwita Fyuzi, anayeshtakiwa kuiba mota mbili za kinu cha unga alikokuwa akifanya kazi. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, na nimemwomba afande aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno.

Mnamo tarehe 14 mwezi uliopita, saa 3:00 asubuhi, nilifika kituoni hapa baada ya kusikia amekamatwa. Nilimkuta kwenye benchi, mbele ya kaunta, hana viatu. Akaniambia, "Dada, wamenibeba bila miwani. Nenda kanichukulie, wanataka nisaini maelezo."

Nilitoka saa 3:15. Nyumba yake iko upande wa pili wa mji, na ufunguo alikuwa nao wifi yangu kazini, ikabidi nimfuate kwanza. Nilirudi saa 5:20. Saa naijua kwa sababu askari wa kaunta, msichana mpole, aliandika mbele yangu kwenye kitabu cha matukio: miwani moja, imepokelewa saa 5:20. Kitabu kipo. Kifunueni.

Ndipo mpelelezi wa kesi akatoka na karatasi ameikunja nusu. Akasema, "Saini hapa mama, kwamba umeleta miwani." Nikasaini. Hapo najionea aibu mwenyewe. Miaka kumi na tisa nawasumbua manesi, hakuna anayetoka na boksi la glovu stoo kwangu kabla hajasoma anachosaini, mpaka wamenipa jina la Mama Soma-Kwanza. Siku hiyo Mama Soma-Kwanza akasaini nusu karatasi.

Jumanne wiki hii wakili wa mdogo wangu alinionyesha karatasi ile nzima. Ni maelezo ya mdogo wangu akikiri wizi. Chini imeandikwa kuwa yalimalizika saa 4:25 asubuhi, kwamba ameyasoma mwenyewe na kuyakubali, mbele ya dada yake. Saini yangu ipo. Saa 4:25 mimi nilikuwa getini kwa mwajiri wa wifi yangu, nabembeleza mlinzi amwite. Na mdogo wangu bila miwani hasomi hata namba za simu yake. Huisogeza mbali mpaka mkono unamwishia.

Kesi inasikilizwa Jumatatu. Mota hazijapatikana, wala hakuna aliyemwona amezibeba. Kuna karatasi ile tu, na hakimu ataamua kwanza kama ipokelewe. Kama aliiba au hakuiba, mimi sikuwepo kinuni, siwezi kumwapia. Nilimuuliza, akasema hakuiba, nami namwamini kwa kuwa ni ndugu yangu. Hilo si ushahidi, najua. Lakini akifungwa, asifungwe kwa saini yangu.

Leo nilipofika, mpelelezi yule yule alinikuta mlangoni. "Mama, unajitafutia balaa la nini? Ulisaini. Utaonekana mwongo." Nikamjibu, acha nionekane. Nina hasira, na naomba hasira hiyo nayo iandikwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa mwandishi: Shahidi amesoma mwenyewe kurasa zote mbili kwa dakika ishirini, zikiwa zimekunjuliwa mezani. Kabla hajasaini nilimwonya kuwa, kwa vile maelezo haya yanapingana na saini yake ya awali, yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Amejibu: "Yatumieni. Haya nimeyasoma."