Namba Ndogo ya Yuliana

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kisanduku kimefanya kazi! Na siku hiyohiyo ya kufurahi ndiyo nimetaka kumrushia mtu birika.

Kisanduku chenyewe cha mbao: kitaa cha kijani kama cha redio, kioo cha rangi ya chungwa, kijicho cha kunasa mwanga, mita. Unatia DNA, zile nyuzi za urithi, iliyotolewa kwenye damu, unatia rangi inayoishika. Ikiwa nzima, inang'aa. Ikiwa imekatikakatika, mwanga unafifia na namba inashuka. Basi. Hakuna cha mashine ya Ulaya.

Damu za wapiga dawa wa kabichi kule Mgeta, karibu zote namba ziko chini ya zetu hapa chuoni. Ya chini kabisa ni ya mdogo wangu, Yuliana. Nimerudia. Nikarudia tena. Ileile.

Nikamwambia bosi wangu, Dk. Evance, twende tukawaambie. Eti tusubiri ripoti. Eti Stambuli ameomba tusiwatie watu hofu. Stambuli mwenye duka la dawa za kilimo! Gari tunalopandia milimani ni lake. Tangu biashara iwe huria, sumu inauzwa mpaka kwenye chupa za soda, halafu kibaya ni hofu?

Jumatano, 7 Agosti

Evance kawapelekea namba. Namba tupu! Vikaratasi, kila mtu na chake, bila neno la maelezo. Eti tuliwaahidi majibu, wamepata majibu. Nikamuuliza Evance, mtu wa Mgeta atajuaje kama ishirini ni nzuri au mbaya. Akasema nisimpandishie sauti, na kwamba serikali inapunguza wafanyakazi, kwa hiyo nichunge mdomo.

Nimeosha mirija ya maabara kwa nguvu mpaka mmoja umenipasukia mkononi. Pumbavu kabisa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, maonyesho ya wakulima. Stambuli kasimama mbele ya banda lake na kipaza sauti: wakulima wa Mgeta wamepimwa na wataalamu, namba zao ndogo kuliko za wasomi wa mjini, kwa hiyo dawa yake haina neno! Watu makofi.

Na nani awalaumu? Presha ikishuka tunashangilia. Vijidudu vya malaria vikiwa vichache tunamshukuru Mungu. Wameona ndogo, wamefurahi.

Nikamgeukia Evance. Anatafuna hindi la kuchoma, anatazama viatu vyake. Daktari, mkosoe! Akasema si mahali pake. Nikamwambia mbele za watu kwamba ni mwoga. Kanikazia macho tu. Labda kazi ndiyo imekwisha. Na iishe!

Jumamosi, 10 Agosti. Mgeta

Nimepanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Nimemkuta Yuliana shambani, bomba la kupulizia mgongoni, kanga imelowa dawa kiunoni, anaimba. Shikamoo dada, umeona namba yangu? Nimewashinda wote!

Kikaratasi kakibandika ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Na si hilo tu. Majirani sasa wanamwita akawapulizie na mashamba yao, maana yeye dawa haimwingii! Nilitaka kupiga kelele. Nadhani nilipiga.

Nikamvua bomba kwa nguvu. Tukavutana kama watoto. Nikamwambia yote: ndogo ndiyo mbaya, nyuzi zilizomo ndani ya damu yake zinakatika, bado si ugonjwa, mwili unaweza kujirekebisha akiacha. Akasema nina wivu. Kisha akauliza kama nilijua tangu Jumatatu, kwa nini nimekuja leo. Hapo nikalia. Si kwa huruma, kwa hasira! Kwa Evance, kwa Stambuli, kwangu mimi mwenyewe.

Sasa ameoga, amekaa kwenye kigoda mbele yangu. Ameniuliza taratibu: na huyu wa tumboni, naye mlimpima?

Sikujua ana mimba. Mama hajui. Ya miezi mitatu, anasema. Miezi yote hiyo na bomba mgongoni.

Kisanduku hakiwezi kuniambia kama sumu imemfikia mtoto. Evance hawezi. Mimi siwezi. Yuliana ananitazama, anasubiri jibu, na mimi nimeinama hapa najifanya nina mengi ya kuandika.