Tanuri Alilolijenga Barthélemy

Gaspard, unajua nilikotoka. Babu yangu Barthélemy Roumégoux alikuwa mwashi, baba yake mwashi, na hadi leo hakuna ukuta wao ulioinama.

Leo nimemtembeza mjukuu wangu Clémence vijiji vitatu, polepole, tukala jibini kivulini mwa kanisa. Cha mwisho ni kile chenye tanuri la mkate la kijiji, alilolijenga babu.

Tukamkuta mwongoza watalii akiwaambia watu kwamba nyundo iliyochongwa kwenye jiwe la tanuri hilo ni ishara ya siri ya wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Ya siri, Gaspard!

Nikamwambia, "Bwana mdogo, hiyo ni alama ya babu yangu. Kila mwashi alichonga yake, ili kazi mbovu ijulikane ni ya nani."

Akacheka. "Mzee, wafu hawalalamiki. Niachie hadithi yangu, ndiyo inayoleta watu."

Clémence akanivuta koti. "Babu, twende basi, unatuaibisha."

Unatuaibisha! Mimi!

Sikuondoka. Nilivua kofia, nikalitaja jina kamili la babu kwa sauti ya darasani. Kila yule mwongoza watalii alipofungua kinywa, nikalitaja tena. Mara ya nne Clémence aliliachia koti langu, akalitaja pamoja nami, uso umemwiva kwa haya.

Yule bwana akawahamisha watu wake.

Wasomee wajukuu zako ujumbe huu, nao wasikilize wakiwa wamesimama: asiyelitetea jina la wazee wake, wapita njia watampachika jingine.